Mwalimu Magoti na Somo la Kusahauliwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na saba anatembea kwa magoti ndani ya darasa tupu.

Anaanzia mlangoni. Anapita kati ya meza fupi, anatulia kidogo mbele ya kabati la vitabu, anainua macho kuutazama ubao, kisha anageuka kuelekea dirishani. Mwanga ndio kwanza unaingia, mwembamba na wa rangi ya maziwa, na vumbi la chaki linaelea ndani yake bila haraka yoyote. Ukimwona kwa mbali utadhani amedondosha pete.

"Natafuta anachokiona mtoto," anaeleza bila kusimama. "Ukiwa wima, darasa lote ni lako. Ukishuka huku ndipo unagundua kumbe msumari huu uko sawasawa na jicho lake."

Kweli, upo msumari pembeni mwa meza, umechomoza kidogo tu. Anatoa nyundo ndogo kutoka mfuko wa aproni, anaugonga mara tatu mpaka unazama, kisha anaendelea na safari yake.

Watoto wanamwita Mwalimu Magoti. Wazazi wakalidaka jina hilo, na siku hizi hata mwalimu mkuu humwita hivyo vikaoni akijisahau. Miaka kumi na moja katika darasa la awali imeyachosha magoti yenyewe, ndiyo maana mumewe, ambaye ni fundi wa makochi, amemshonea vipande viwili vya sponji anavyovifunga kwa mikanda chini ya sketi. Mume huyo ana mzaha anaopenda kuurudia mbele ya wageni: kwamba wanaume wenzake hupigiwa magoti na wake zao, lakini wa kwake kila siku anakwenda kuwapigia watoto wa watu.

Darasa lina watoto arobaini na watatu, wa miaka mitano na sita. Mikeka ni arobaini. Mshahara wa mwalimu wao haujaongezwa kwa miaka sita, na kalamu za rangi zinazojaa kwenye makopo pale mezani zimetoka mfukoni mwake. Hayo anayasema haraka haraka, kama mtu anayetaja hali ya hewa, halafu anarudi kwenye jambo analolipenda.

Jambo lenyewe ni kuwafundisha watoto namna ya kukaa na wenzao. Kusoma na kuhesabu kutafuata. Wiki mbili za kwanza za mwaka hafundishi herufi hata moja.

Anafundisha mlango. Mtoto mmoja mmoja anatoka nje, anagonga, anasubiri, anaingia, anaufunga bila kuubamiza. Siku inayofuata anafundisha kikombe: kinashikwa wapi, unampaje mwenzio, kikimwagika unafanyaje. Lipo somo la kupishana, lipo somo la kunyoosha mkono, lipo somo la kungoja. Mwalimu huonyesha yeye kwanza, halafu wanafanya wote, halafu mtoto anafanya peke yake huku wenzake wakimtazama kwa uzito wa mahakimu.

Wazazi hawakulipokea jambo hili kwa furaha. Baba mmoja, dereva wa lori, alifika shuleni amefura, akauliza kama analipa ada ili mwanawe ajifunze kufunga mlango. Wiki chache baadaye alirudi, safari hii sauti iko chini, akakiri kwamba juzi yake mtoto alimrudisha nje ya nyumba yake mwenyewe na kumwambia agonge kwanza. Aligonga.

Mwalimu Magoti hakuanza hivi. Kabla ya kupewa watoto wadogo alikuwa anafundisha darasa la saba, na anasema sauti yake ya enzi hizo ilikuwa ya kutikisa vioo. Siku ya kwanza katika darasa la awali alimkuta mtoto mmoja chini ya meza, wawili juu ya dirisha, na mmoja katulia zake pembeni anakula chaki. Akapaza sauti: kaeni vizuri. Hakuna aliyekaa. Akarudia, akapiga meza, akaahidi adhabu ambazo hata yeye hakuwa anazijua. Ndipo yule mla chaki alipomtazama, mdomo mweupe, akamuuliza swali.

"Aliniuliza, 'Mwalimu, vizuri ndiyo vipi?'" anakumbuka. "Hakuwa na jeuri. Alikuwa hajui. Nikaona aibu, kwa sababu na mimi sikuwa na jibu."

Jumatatu iliyofuata aliingia darasani, akaketi sakafuni, akawaonyesha vizuri ndiyo vipi: miguu inakunjwa hivi, mikono inakaa hapa, jicho linamtazama anayeongea. Tangu siku hiyo hajawahi kumwambia mtoto afanye kitu ambacho hajamwonyesha. Na tangu siku hiyo sauti yake imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka, mpaka sasa mgeni akitaka kumsikia inabidi ainame kidogo.

Lakini fahari ya darasa lake, kwa muda mrefu, ilikuwa namna ya kuondoka.

Kulikuwa na sababu. Mwaka mmoja, kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, watoto wote walikimbilia mlangoni kwa pamoja, na mmoja wao akaacha meno mawili kwenye fremu. Mwalimu Magoti akabuni utaratibu. Kila mtoto aliketi mkekani, macho kayafumba, mikono kaiweka mapajani. Yeye alipita kati yao kwa magoti akimgusa mmoja mmoja begani. Aliyeguswa aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Kanuni ilikuwa moja tu: usiinuke mpaka uguswe.

Walioliona jambo hilo wanasema lilikuwa zuri mno. Chumba kizima kimya, watoto wanapungua mmoja mmoja kama watu wanaotoka taratibu katika ndoto, na kinachosikika ni nyayo tu na mlango unaofungwa kwa adabu. Mwalimu mkuu alikuwa akileta wageni waje kutazama. Walimu wa shule jirani walikuja na madaftari.

Ndani ya uzuri huo alikuwamo mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitano, ambaye nyumbani kwao wanamwita Bibi. Amerithi jina la bibi yake mzaa mama na, kwa maelezo ya mama yake, amerithi pia tabia ya kupima neno kabla ya kulitoa. Bibi alikuwa mwanafunzi wa kuigwa katika kila somo. Hakuna aliyefunga mlango kwa ulaini kama yeye, wala aliyengoja zamu yake kwa subira kama yake. Alipenda kukaa nyuma ya kabati la vitabu, ambako hapana fujo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwanzoni mwa muhula wa pili. Wageni wanne walikuwa wamekuja kutoka ofisi ya elimu. Mmoja wao alivutiwa kiasi cha kushindwa kukaa kwenye kiti, akawa anamfuata Mwalimu Magoti nyuma nyuma, akimuuliza kwa mnong'ono siri ya utulivu ule. Mwalimu akawa anagusa bega na kujibu, anagusa bega na kujibu.

"Nilikuwa nasifiwa," anasema, na hapa anaacha kumtazama mtu usoni. "Hilo ndilo linaloniuma. Nisingekuwa nasifiwa, ningehesabu."

Aligusa mabega arobaini na mawili. Kisha akawasindikiza wageni.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Kwa kawaida Bibi hurudi nyumbani na binti wa jirani anayesoma darasa la sita, lakini siku hiyo binti huyo alikuwa amelala nyumbani na homa. Kwa hiyo pale getini hapakuwa na mtu wa kumngoja, wala wa kuuliza yuko wapi. Darasa halikufungwa kwa ufunguo. Bomba la maji liko hatua kumi kutoka mlangoni. Bibi aliendelea kukaa.

Mama yake anafunga maboksi katika kiwanda cha sabuni. Alifika nyumbani saa kumi na nusu, hakumkuta mtoto, akakimbilia shuleni akiwa ameshika viatu mkononi. Yeye na mlinzi walizunguka madarasa yote kabla ya kumwona nyuma ya kabati, ameketi vilevile, miguu imekunjwa, macho kayafumba. Alikuwa amejikojolea na nguo zilikuwa zimeanza kumkaukia mwilini. Mama alipomwita, aliyafumbua macho, akamtazama, lakini hakuinuka.

"Akaniambia, 'Mwalimu hajanigusa,'" mama anasimulia. "Aliisema kwa sauti yake ya kila siku, kama anayenijibu nimemuuliza saa ngapi. Nikambeba pamoja na mkeka, maana alikuwa ameung'ang'ania."

Mwalimu Magoti anaishi karibu. Aliitwa, akaja mbio, akawakuta getini. Maneno aliyoambiwa jioni ile anayarudia mwenyewe leo, na hayapunguzi hata kidogo. Mama alimwambia: "Nilikuletea mtoto umfundishe adabu. Umenirudishia sanamu."

Mama akamzuia mtoto nyumbani. Mwalimu mkuu akaandika barua ya onyo. Mwalimu Magoti aliisaini bila kubisha, akaiweka kwenye droo, na hasemi mengi juu yake. Kilichomkosesha raha ni kingine.

"Yule mtoto hakukosea," anasema. "Alifanya vilevile nilivyomfundisha, kuliko wote. Sasa nikawa najiuliza, hivi miaka yote hii nawafundisha nini? Nilidhani nawafundisha utu. Kumbe nilikuwa nawafundisha kuningoja mimi."

Mumewe anasema katika siku zile mke wake alikuwa mtu wa kutazama ukuta. Chai ilipoa mbele yake, ikatiwa nyingine, nayo ikapoa. Jumapili akavaa, akatoka, hakuaga anakokwenda.

Alikwenda kwa kina Bibi. Jumapili hiyo ya kwanza mama aliongea naye kupitia dirishani, maneno machache, kisha akavuta pazia. Jumapili ya pili alimtolea kigoda, akakiweka nje ya kizingiti. Ya tatu akamkaribisha ndani, akamtilia chai, na kabla chai haijanywewa akampa sharti.

"Atarudi," alimwambia. "Lakini shule ikifungwa, nataka mwanangu awe anaweza kufungua mdomo mbele yako. Akisahauliwa aseme amesahauliwa. Kama hilo huliwezi, namhamisha, na usinifuate tena, mwalimu wangu."

Mwalimu Magoti alikubali. Njiani kurudi akajiongezea sharti la pili, ambalo hakumwambia mtu isipokuwa mumewe: kwamba Bibi akihama, yeye naye anaacha darasa la watoto wadogo. Atarudi darasa la saba, au atakaa nyumbani ashone mito ya makochi.

Kanuni ya kuguswa bega ikafutwa siku ileile Bibi aliporudi. Sasa watoto wanatoka wawili wawili, wameshikana mikono, wakihesabu wenyewe kwa sauti mpaka ifike arobaini na tatu. Isipofika, hakuna anayekwenda popote. Na katika ratiba ya darasa, kati ya somo la kikombe na somo la kungoja, kikaingia kitu kipya. Mwalimu Magoti anakiita somo la kusahauliwa.

Linafanyika hivi. Kila siku, kwa makusudi, mwalimu anamruka mtoto mmoja. Anagawa maziwa, anampita. Anaita majina, anaacha lake. Anagawa kalamu za rangi, anaziweka mbele ya huyu na yule, mmoja anabaki mikono mitupu. Kazi ya aliyerukwa ni kusema: "Mwalimu, mimi bado." Mwalimu anasimama, anamtazama, anaomba radhi, anampa haki yake. Kama kawaida, alianza kwa kuonyesha yeye mwenyewe: alimpa mtoto mmoja sahani ya mikate aigawe, akamwomba amruke mwalimu, kisha akanyoosha mkono na kusema mbele ya darasa zima kwamba yeye bado.

Watoto walilipenda somo hilo kupita kiasi. Ndani ya wiki moja "mimi bado" ilikuwa imeenea shule nzima. Mvulana mmoja mwenye mashavu manene alisikika akidai yeye bado huku ana kipande cha mkate katika kila mkono, na cha tatu mdomoni. Dada wa mwanafunzi mwingine alileta malalamiko kwamba nyumbani kwao sasa chakula cha jioni hakigawanyiki kwa amani.

Mwalimu mkuu naye alikuwa na lake. Mzee wa watu ana roho nzuri, lakini alimkumbusha Mwalimu Magoti kwamba zamani darasa lile lilikuwa la kuonyesha wageni, na sasa kelele zake zinasikika tangu getini. Mwalimu Magoti hakubishana. Aliomba avumiliwe mpaka shule ifungwe.

Wote walijifunza, isipokuwa mmoja.

Bibi alirukwa kwa mara ya kwanza kwenye maziwa. Wenzake walikunywa, wakamaliza, wakafuta vikombe. Yeye alikaa akitazama mahali kikombe chake kilipopaswa kuwa, bila kununa wala kulia. Mwalimu alijizuia mpaka akashindwa, akampelekea.

"Nilifanya kosa juu ya kosa," anasema. "Nimemfundisha tena kwamba ukinyamaza vizuri, utaletewa."

Mara ya pili ilikuwa kwenye majina. Mara ya tatu, kwenye kalamu. Mara zote mbili Bibi alingoja, na mwenzake wa karibu alimsemea: "Mwalimu, Bibi bado." Ukarimu huo wa watoto, ambao mwaka mwingine ungemfurahisha mwalimu, ukawa kikwazo.

Mwandishi wa makala haya alifika katika wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa. Alikaribishwa, akapewa kiti cha mtoto, magoti yake yakaishia kidevuni, na akaombwa jambo moja tu. "Ukimwona yule anangoja kitu," Mwalimu Magoti alinong'ona, "tafadhali usimsaidie. Hata ukimhurumia vipi."

Jumatano Bibi alirukwa kwa mara ya nne, kwenye mkate, na wenzake walikuwa wameombwa wasimsemee. Alikaa na njaa yake mpaka kengele ya mapumziko. Alipoletewa mkate wake alisema asante, akaula wote.

Mchana wa siku hiyo, katika saa ya kupumzika, darasa liligeuka mahali pengine kabisa. Shuka la kijani lilitandazwa dirishani, na mwanga ukaja kama unatoka chini ya maji. Watoto arobaini na watatu walilala kwenye mikeka arobaini, pumzi zao zikipanda na kushuka. Mahali fulani feni kuukuu ilikuwa inajizungusha kwa uvivu. Mwalimu alijilaza kati yao, mkono chini ya shavu, akiimba kitu kisicho na maneno, kidogo kidogo, mpaka haikujulikana tena wimbo unaishia wapi na usingizi unaanzia wapi. Mwandishi, kama ni lazima akiri, alisinzia.

Alipozinduka aliona kwamba kati ya watoto wote ni macho mawili tu yaliyokuwa wazi. Yalikuwa ya Bibi. Alikuwa amelala chali, anatazama dari, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, kama mtu anayerudia jambo asije akalisahau.

Mwalimu naye alikuwa ameketi, anamtazama. Hakuiona ile midomo, kwa sababu alikuwa nyuma ya kichwa cha Bibi. Alijisogeza mpaka kwenye kile kiti kidogo na kumwambia mwandishi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba hatamjaribu tena. Kumnyima mtoto mkate ili aongee kulikuwa kumeanza kuonekana kwake kama ukatili. Zilibaki siku mbili. Mama yake akija Ijumaa, ataambiwa ukweli.

"Nilitaka kitu kimoja tu mwaka huu," alisema. "Sikutaka hata nyongeza."

Alhamisi, basi, haikuwa siku ya somo la kusahauliwa. Ilikuwa siku ya picha. Kila mtoto alikuwa amechora nyumba yake, na picha zilikuwa zimekauka mezani kwa mwalimu, tayari kupelekwa kwa wazazi. Mwalimu Magoti aliita, mtoto akaja, akachukua, akarudi. Kulikuwa na nyumba zenye jua ndani ya chumba, nyumba zenye miguu, na nyumba moja ya mviringo ambayo mchoraji wake alisisitiza ni ghorofa.

Katikati ya kazi hiyo mwandishi alimuuliza mwalimu swali, akaweka daftari lake mezani ili aandike jibu. Mwalimu akajibu. Mtoto mwingine akaja kamba za kiatu zimefunguka. Mwalimu akainama kuzifunga, huku akiendelea kujibu. Kisha akatangaza kwamba picha zimekwisha, wajipange wawili wawili.

Bibi alikuwa amesimama mbele ya meza.

Safari hii hakuna aliyekuwa amepanga lolote. Mwalimu alikuwa amempa mgongo, kapiga magoti kwenye kiatu cha pili. Watoto walikuwa wanasukumana kwa furaha ya kwenda nyumbani. Bibi aliitazama meza, akalitazama daftari la mwandishi, na chini ya daftari hilo, kwenye ukingo, rangi ya bluu ilikuwa imechungulia. Mwandishi aliiona naye. Alikuwa amefunika picha ya mtoto kwa daftari lake.

Mkono ulimwasha. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kabisa, kuinua karatasi na kumpa mwenyewe. Lakini alikuwa ameombwa asifanye hivyo, akatulia. Ikapita dakika moja. Mstari ukaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ikapita nyingine. Bibi alikuwa amesimama mikono kando, na ile subira yake aliyosifiwa nayo ilikuwa imemfunga kama kamba.

"Mwalimu," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, haikufika popote. Kelele za kuhesabu ziliimeza. Bibi alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Mwalimu. Mimi bado. Na huyu mgeni ameifunika picha yangu."

Hesabu ilikatika kwenye kumi na tisa. Mwalimu Magoti alibaki pale chini, kamba ya kiatu mkononi. Mtoto mwenye kiatu alimtazama usoni, akashangaa, akamuuliza analia nini. Kisha mwalimu aligeuka, akasogea mpaka mbele ya Bibi, macho yao yakiwa kimo kimoja.

"Ni kweli," alimwambia. "Nimekusahau, mwanangu. Nisamehe."

Bibi alilipima neno hilo. Ilionekana kwamba anafikiria kama amsamehe, na kwamba uamuzi ni wake.

"Usirudie tena," alisema.

Mwandishi pia aliomba radhi. Yeye hakujibiwa.

Ijumaa mama anafika na fomu ya uhamisho, imejazwa yote isipokuwa saini. Ameomba ruhusa kazini, bado ana kilemba cha kiwandani kichwani. Mwalimu Magoti, ambaye mumewe anasema aliamka mapema kuliko siku zote akifanya mazoezi ya namna ya kulisimulia jambo la jana, anafungua mdomo. Halafu anaufunga, anamtazama mtoto.

Mama naye anamgeukia mtoto. Anamuuliza: mwakani anataka kurudi hapa kwa mwalimu wake, au waende kule kwingine?

Bibi anafikiri. Anachukua muda wake wote, na watu wazima wawili wanamngoja wakiwa wamesimama.

"Narudi," anasema. "Lakini nataka kukaa dirishani."

Mwalimu anamweleza kwa upole kwamba dirishani wengi wamekwisha kupaomba, kwa hiyo itabidi waongee mwakani.

"Tuongee sasa," anasema Bibi.

Mama anacheka, na katikati ya kicheko machozi yanamtoka. Anayafuta kwa ncha ya kilemba, anaikunja fomu mara mbili, anaitumbukiza mkobani. Anamwambia Mwalimu Magoti kwamba tangu jana jioni nyumbani hakulaliki kwa maswali, na kwamba anamshukuru, ingawa ameanza pia kumlaumu.

Mwakani darasa linatarajiwa kupokea watoto hamsini. Mikeka haijaongezwa. Mwalimu Magoti amekwisha kuandika ratiba ya wiki ya kwanza, na amebadilisha mpangilio wake wa miaka yote. Mlango umesogezwa mpaka Jumanne, kikombe mpaka Jumatano.

"Jumatatu, siku ya kwanza kabisa, nitamruka mtu," anasema. "Na sitafundisha kitu kingine chochote mpaka nikemewe."